Dizaina wa stesheni ana njia gani mbele yake?

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni binti wa miaka 24, niko Mwanza, nina stashahada ya TEHAMA. Nafanya kazi kwenye stesheni, yaani duka la vifaa vya kuandikia na uchapaji: kadi za michango, posta za makanisa, vitambulisho, wakati mwingine stika na fulana. Nalipwa kwa siku. Kazi naipenda sana, lakini bosi anasema kila mtu sasa ana Canva na akili mnemba, kwa hiyo grafiki inakufa. Baba naye anataka niende nikasomee ualimu. Je, kazi hii ina njia za kweli za kupanda, nianzie wapi, na lazima niwe na shahada?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mambo matatu kwa pamoja: kama kazi inakufa, kama ina ngazi, na kama bila shahada utabaki mlangoni. Naanza na la kwanza, maana ukishaamini kwamba kazi imekufa hutanisikiliza hayo mengine.

Bosi wako anasema kweli, ila ameisema nusu. Kinachokufa ni ile kazi ya kuchukua posta ya jana, kubadilisha jina la mhubiri na tarehe, ukaiita mpya. Canva, programu ya kutengeneza matangazo kwa templeti, ilianza 2013, na leo katibu wa kwaya mwenye simu anatengeneza tangazo la mkesha akiwa kwenye daladala, na wala si baya. Kadi ya mchango inatumwa kwa WhatsApp, wengi hawachapi tena. Akili mnemba nayo inakupa picha ya maharusi kwenye bustani ambayo hawajawahi kuikanyaga. Kwenye soko hilo utashindana kwa bei tu, na bei inashuka kila mwezi.

Nusu ya pili ni hii. Posta ya WhatsApp ikikosewa inafutwa, inatumwa nyingine, hakuna aliyepata hasara. Lebo 20,000 za mtungi zikikosewa ni mzigo wa kuchoma moto, na mwenye kiwanda amepoteza karatasi, wino, muda na pengine msimu mzima. Kitufe cha kutuma pesa kikiwekwa vibaya kwenye programu ya simu, mama anatuma kodi ya nyumba kwa mtu asiyemjua. Anayelipwa vizuri katika kazi yetu ni yule anayejua kuzuia hasara ya aina hiyo, kwa sababu anajua kitu alichokichora kitakwenda kuishi wapi: kwenye karatasi, kwenye boksi, kwenye kioo cha simu, ukutani, kwenye kitambaa au kwenye televisheni. Vijana wengi wananiuliza wajifunze programu gani. Mimi nawauliza kazi zao zinaishia wapi. Ukishajibu hilo, programu inajichagua yenyewe, na ngazi ya kupanda unaanza kuiona.

Sasa tuzitazame njia, na tuanzie hapo ulipo, maana stesheni si mahali pa kudharau. Hapo unaona wateja wa kila aina, unajifunza kusikiliza mtu asiyejua anachotaka, na unashika karatasi kwa mkono. Hatua iliyo karibu nawe kabisa ni kiwanda cha uchapaji, kwenye chumba kinachoandaa faili kabla hazijaingia mashineni. Kariakoo na maeneo ya viwanda ya Dar es Salaam, River Road na Industrial Area kule Nairobi, wanamtafuta kila siku mtu wa kukaa kwenye kiti hicho na kuokoa faili zilizoharibika. Faili zinafika kwa rangi za kioo, RGB, wakati mashine inachapa kwa wino nne, CMYK. Ile bluu inayong'aa kwenye kompyuta inatoka imepauka. Picha zimetolewa WhatsApp zikiwa zimeshabanwa, wakati kitabu kinataka nukta 300 kwa inchi. Hakuna milimita 3 za ziada pembeni, kwa hiyo kisu kikiyumba kidogo unabaki mstari mweupe.

Kuna kosa moja ambalo karibu kila anayetoka stesheni analo, na ukiliacha leo utakuwa umepiga hatua. Tazama maandishi yako madogo meusi. Mara nyingi weusi ule umechanganywa na rangi zote nne. Kwenye printa ya dukani hutaona tatizo. Lakini kwenye ofseti, mashine kubwa ya kiwandani, kila rangi ina pleti yake, yaani bamba lake la kuchapia, na karatasi inapita chini ya pleti nne kwa mfuatano. Ikisogea hata sehemu ya kumi ya milimita, herufi inaota kivuli chekundu upande mmoja na cha bluu upande mwingine, na ukurasa mzima unasomeka kama mtu aliyelala vibaya. Maandishi madogo yawe ya wino mweusi peke yake, asilimia 100, basi. Weusi wa kuchanganya uuache kwa maeneo makubwa tu, kama mandhari ya jalada.

Mtu wa chumba hicho anapanda. Akishajua karatasi, akajua kwamba kitabu cha kurasa 200 kwenye karatasi ya gramu 80 kina mgongo wa karibu milimita 10, kwamba kurasa zinapangwa kwa makundi ya 8 au 16 ili karatasi isipotee, anakuwa msimamizi wa uzalishaji. Wengine wanatoka na kufungua kampuni isiyo na mashine hata moja: wanachukua oda, wanasanifu, wanajua kiwanda gani kinafaa kazi gani, wanasimamia hadi mzigo unafika. Ni kazi ya heshima na ina pesa, hasa Novemba na Desemba wakati wa kalenda na shajara, na misimu ya uchaguzi. (Misimu ya uchaguzi dai malipo yote kabla hujawasha kompyuta. Anayeshindwa hapokei tena simu, na anayeshinda anakuwa na shughuli nyingi.)

Njia ambayo mimi nimeishi nayo muda mrefu zaidi ni ya vifungashio na lebo, na ukiniruhusu nitakaa hapa kidogo, kwa sababu nadhani ndiyo inayokufaa ukiwa Mwanza. Umezungukwa na dagaa wa Ziwa Victoria, mchele, asali ya Tabora, karanga, unga wa lishe. Wajasiriamali wanaosindika vitu hivyo wanapitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanatafuta alama ya ubora ya TBS, na wanataka kuingia kwenye maduka makubwa. Wote wanakwama kwenye lebo.

Chukua mtungi wa siagi ya karanga wa gramu 350. Mtengeneza posta anafungua kompyuta na kuanza na picha ya karanga. Wewe anza na mtungi wenyewe. Zungushia ukanda wa karatasi tumboni, weka alama unapokutana, ongeza milimita 5 za kupandia gundi. Kisha tazama kama mtungi ni mpana juu kuliko chini. Kama ndivyo, lebo iliyonyooka itapanda upande mmoja ukiibandika; ni lazima ikatwe kwa upinde. Hilo peke yake limeshinda watu wengi wenye shahada.

Halafu orodhesha yanayotakiwa kusomeka: jina la bidhaa, uzito halisi, viambato, jina na anwani ya mzalishaji, tarehe ya kutengenezwa, mwisho wa matumizi, namba ya toleo, namna ya kuhifadhi. Tarehe na namba ya toleo huzichapi, maana zinabadilika kila wanapopika. Unaacha nafasi nyeupe ya muhuri. Na nafasi hiyo usiifunike kwa nailoni ya kung'aa, maana wino wa muhuri hautashika. Mteja anafuta kwa kidole, tarehe inatoka, mkaguzi anakuja. Ukimwambia mwenye karanga jambo hili kabla hajaliuliza, hatakuuliza tena kwa nini bei yako si ya stesheni.

Mwisho kuna msimbo pau, ile mistari myeusi. Namba yake haitungwi na haichukuliwi mtandaoni. Inatolewa na GS1, shirika linalosimamia namba hizo duniani, na zilizosajiliwa Tanzania huanza na 620, za Kenya 616. Wateja wengi wanapenda mistari ifanane na rangi ya nembo yao, na nyekundu ndiyo wanayoipenda zaidi. Kataa. Mashine nyingi za dukani zinasoma kwa mwanga mwekundu, kwa hiyo mistari myekundu kwake ni kama karatasi nyeupe, haioni kitu. Mistari iwe myeusi juu ya nyeupe. Upana wake wa kawaida ni karibu milimita 37, unaweza kuupunguza hadi asilimia 80, usishuke hapo. Acha weupe pande zote mbili, karibu milimita 4 kushoto na milimita 2 na nusu kulia kwa ukubwa wa kawaida, usiingize hata pambo dogo. Kwenye chupa nyembamba mistari ilazwe, isisimame, ili mzunguko wa chupa usiifiche. Kisha chapa nakala moja, ibandike kwenye chupa, nenda nayo dukani umwombe keshia aipitishe. Ikilia, umemaliza.

Dizaina wa vifungashio anayejua haya anaweza kuajiriwa na viwanda vya vyakula, vipodozi na sabuni, na viwanda vinavyotengeneza maboksi na mifuko, au akajitegemea na wazalishaji kadhaa wanaorudi kila wanapoongeza bidhaa. Hiyo ndiyo raha ya lebo: mtu akianza na siagi ya karanga, mwakani ana karanga za kukaanga na mafuta, na familia nzima ya lebo inabidi ifanane.

Karibu na njia hiyo kuna kazi ya nembo na utambulisho wa kampuni. Wengi wanaikimbilia kwa sababu inapendeza kuonyesha, nami nawaambia wasubiri. Nembo peke yake ni kazi ya muda mfupi. Pesa iko kwenye kupanga jinsi kampuni itakavyoonekana kwenye gari, sare, risiti, bango na mtandaoni, na kuandika mwongozo wake. Kabla ya kumkabidhi mteja, hakikisha ameangalia BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama alama inayofanana imeshasajiliwa, au BPRA kama yuko Zanzibar. Na usimuuzie mtu nembo iliyotoka kwenye templeti, kwa sababu mwenzake atakuwa nayo pia na hataweza kuilinda.

Wakala wa matangazo ni dunia nyingine. Nairobi ndiyo yenye wakala wengi kwa ukanda wetu, Dar inafuata. Huko ngazi imeandikwa wazi: dizaina mdogo, dizaina mwandamizi, mkurugenzi wa sanaa, mkurugenzi wa ubunifu. Unafanya kazi bega kwa bega na mwandishi wa matangazo, unajifunza kusimama mbele ya meneja wa benki na kueleza kwa nini bango lina maneno manne tu. Usiku utakesha. Naona inafaa kuingia mapema, ukiwa huna majukumu mengi, ukae miaka michache uchote ulichokifuata. Benki, kampuni za simu, vyuo, mashirika yasiyo ya kiserikali na taasisi za serikali nazo zina madizaina wa ndani kwenye vitengo vya mawasiliano. Mshahara unaingia kwa tarehe, kuna bima, unarudi nyumbani mapema. Ukiwa huko omba kazi nzito, kama ripoti za mwaka na machapisho ya takwimu, la sivyo utazeeka ukiweka picha za wageni rasmi kwenye fremu ileile.

Vitabu na magazeti vinadharauliwa na vijana, nami sikubaliani nao. Kila mtoto wa shule anashika kitabu kilichopangwa na mtu, na watu wanaojua kupanga Kiswahili vizuri ni wachache. Jaribu kitu kimoja: fungua programu yako ya kupanga kurasa, bandika aya ya Kiswahili, washa ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari huku lugha ikiwa imewekwa Kiingereza. Itakukatia "nyum-ba" na "wanan-chi". Mtoto wa darasa la pili anajua ni nyu-mba na wa-na-nchi, maana silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu. Angalia pia "ng'ombe": wengi wanaandika kwa alama nyingine badala ya kibainishi chenyewe, na kwenye fonti nyingine neno linaachana kama meno yenye pengo. Chagua fonti ambayo hilo linakaa vizuri, weka lugha sahihi au zima ukataji ukate mwenyewe, na usiache "m" ya "mtu" ikibaki peke yake mwisho wa mstari. Mchapishaji akiona kurasa mbili zilizopangwa hivyo atajua mara moja kwamba amepata mtu.

Ujuzi huohuo unakufikisha kwenye njia inayolipa vizuri zaidi kwa sasa kwa mwajiriwa, kwa jinsi ninavyoona soko: usanifu wa programu za simu na tovuti. M-Pesa ilianza Kenya 2007 na Tanzania 2008 ikiwa menyu za maandishi matupu. Leo benki, kampuni za simu, bima, usafiri na kilimo wote wana programu, na kila skrini lazima mtu aipange. Kwa bahati mbaya nyingi zinachorwa kwa Kiingereza kwanza, Kiswahili kinamiminwa baadaye, na kitufe kilichopimwa kwa neno fupi kinapasuka "Thibitisha malipo" inapoingia. Wewe chora kwa Kiswahili tangu mwanzo. Jaribu kwenye simu ya bei ndogo yenye kioo kilichochanika, juani, bando likiwa limebaki kidogo. Kaa na mama lishe au dereva wa bodaboda, mpe simu, mwambie atume pesa, nawe nyamaza utazame kidole chake kinasita wapi. Hapo kinaposita ndipo utakapokwenda kuparekebisha. Kwa stashahada yako ya TEHAMA una mguu mmoja ndani tayari, kwa sababu utaelewana na waandika programu. Figma, programu ya kuchorea skrini, unaweza kuanza nayo bila kulipa.

Ukiwa na mkono wa kuchora, zipo pia katuni, vielelezo vya vitabu na michoro inayotembea. Gado, Mtanzania, alichora kwenye magazeti ya Nation huko Nairobi kwa miaka mingi kuanzia 1992, na sasa anajulikana dunia nzima. Ubongo, iliyoanzishwa Dar es Salaam 2013, inatengeneza katuni za watoto kama Ubongo Kids na Akili and Me zinazoonekana nchi nyingi za Afrika, na kazi ya namna hiyo inahitaji wachoraji, wahuishaji, watu wa mandhari na wa sauti. Nyumba za televisheni zinahitaji mtu wa kutengeneza vichwa vya vipindi na takwimu za uchaguzi na mpira.

Na kuna kitambaa. Mombasa, jina la Mali ya Abdulla liko kwenye kanga tangu 1887, na hadi leo kanga mpya zinahitaji mtu wa kuchora pindo na mji, ile sehemu ya katikati, na kupanga jina, yaani maneno ya kanga, lisomeke. Rangi ni chache kwa makusudi, kwa sababu kila rangi inaongeza gharama ya kuchapa. Ajira zake ni chache kuliko nyingine nilizozitaja, lakini vikundi vya harusi, vikoba, makanisa na taasisi wanaagiza kanga na vitenge vyao kila mwaka, na wengi wanapelekewa michoro ya hovyo.

Kazi za wateja wa nje kupitia mtandao zipo. Kabla hujajaza jina lako popote, hakikisha njia ya kupokea pesa inafanya kazi nchini mwako, na usishiriki mashindano ya kuchora bure kwa matumaini ya kuchaguliwa. Anayekutaka kweli atakulipa kianzio.

Tukifika kwenye pesa, niseme wazi, maana hapo ndipo madizaina wazuri wanapoacha kazi. Usipange bei kwa kumtazama jirani. Tuseme kwa mwezi unahitaji shilingi 900,000: kodi, chakula, nauli, umeme, bando, akiba ya kompyuta mpya, kodi ya TRA. Saa unazoweza kulipwa kweli si zote za mwezi. Nusu zinaisha kwa kutafuta wateja, kusubiri, kurekebisha. Tuseme zimebaki 90. Saa yako moja basi ni shilingi 10,000, na lebo inayokuchukua saa 20 ni 200,000. Chini ya hapo unamchangia mteja. Chukua nusu mwanzoni. Andika masahihisho ni mangapi, mawili yanatosha, la tatu linalipiwa. Andika nani anabaki na faili za kazi, kwa sababu Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ipo lakini ugomvi unamalizwa haraka na karatasi yenye saini kuliko na sheria. Na kabla kitu hakijachapwa, mteja asaini prufu, nakala ya kuhakiki, hata kama ni rafiki yako, hata kama ni mchungaji wako. Namba ya simu ikikosewa baada ya saini yake, hasara si yako.

Ukifikia kujitegemea, sajili jina la biashara BRELA, chukua TIN, ujisajili kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, ili uweze kuomba zabuni za taasisi za umma. Halmashauri pia hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkiungana madizaina kadhaa na fundi wa fulana, hiyo ni njia ya kupata mashine ambayo mmoja wenu peke yake hawezi kuinunua.

Shahada? Kwa wakala, viwanda na kampuni za programu, wanatazama kazi zako kwanza. Kwa serikali, vyuo na mashirika makubwa, cheti kinahitajika ili jina lako lisikatwe kwenye mchujo, hata uwe hodari namna gani. Kwa hiyo inategemea unakotaka kwenda. Makerere wana shule ya sanaa inayobeba jina la Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa pale miaka ya 1930. Nairobi na Kenyatta wanafundisha usanifu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana Idara ya Sanaa Bunifu. VETA wana kozi fupi za vitendo. Kabla ya kulipa ada popote, omba kuona kazi za wanafunzi wa mwaka wa mwisho, na uulize wahitimu wawili watatu wako wapi leo.

Kuhusu baba, usimpinge haraka. Ualimu anaokutakia na kazi unayoipenda vinakutana: vyuo vya ufundi vinahitaji walimu wa fani hii, na Morogoro kuna chuo kinachoandaa walimu wa ufundi stadi. Fundi aliyefanya kazi viwandani miaka kadhaa, kisha akasomea kufundisha, ni mwalimu ambaye wanafunzi wetu wamekuwa wakimkosa. Mwambie baba kwamba mlango huo hujaufunga, ila utauingia ukiwa na kitu cha kufundisha.

Sasa nianzie wapi, uliuliza. Baki stesheni kwanza, lakini kuanzia wiki hii tengeneza kazi tatu za jioni. Ya kwanza ni lebo ya bidhaa halisi ya mtu unayemjua, uifuate kama nilivyoeleza, hadi ilie kwa keshia. Ya pili ni kijitabu cha kurasa 16 cha Kiswahili, mapishi au historia ya kanisa lenu, kilichopangwa kwa uangalifu. Ya tatu ni skrini tano za programu ya kupokea michango ya harusi, maana michango unaifahamu kuliko dizaina yeyote wa London. Ionyeshe kwa wanakamati watatu na uandike walipokwama. Tumia Inkscape ya kuchora na Scribus ya kupanga kurasa kama huna leseni; ni za bure na zinatosha kwa hatua hii, na kompyuta yako haitajaa virusi vya programu za kuvunjwa. Ukipata nafasi, jifunze pia CorelDRAW au Illustrator, kwa sababu viwanda vingi ndivyo vinavyotumia.

Ziweke kazi hizo tatu kwenye PDF moja nyepesi inayofunguka kwenye simu. Kwa kila moja andika mistari michache: tatizo lilikuwa nini, ulipima nini, ulibadilisha nini baada ya kujaribu, na picha ya kitu chenyewe kikiwa mkononi mwa mtu. Posta arobaini za makanisa ziache nyumbani.

Kisha nenda kwa miguu kwenye viwanda vya uchapaji vya hapo Mwanza, asubuhi, kabla foleni ya wateja haijaanza. Uliza msimamizi wa uzalishaji, si mapokezi. Mwombe nafasi ya kuandaa faili, hata kwa miezi michache ya majaribio yenye malipo, na umwulize swali moja kabla hamjaafikiana mshahara: kama utaruhusiwa kuingia chumba cha mashine kazi yako inapochapwa. Akisema hapana, msalimie vizuri uende kiwanda cha pili.